Mama Alipomwulizia Marehemu

Ndugu msomaji, leo nakusimulia kosa langu mwenyewe, kwani huenda nawe walitenda nyumbani mwako pasi na kujua.

Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa Kilwa. Biashara ya samaki wakavu ndiyo iliyomfikisha Mbamba Bay, katika Ziwa Nyasa, na huko ndiko alikomwoa mama. Alifariki mwaka 1998. Mimi nikarudi pwani kutafuta riziki, mama akabaki ziwani kwa dada yangu.

Miaka miwili iliyopita nilikwenda kumzuru, nikamkuta amesahau mengi. Siku za usichana wake alizikumbuka moja moja, lakini chakula cha asubuhi hakukijua. Kila jioni alikwenda ufukweni akakaa, akitazama kaskazini, zilikokuwa zikitoka meli za Itungi. Huniuliza, "Mwanangu, baba yako hakuja na meli?" Nami humjibu, "Mama, baba alikufa zamani, tukamzika." Basi hulia kama mtu aliyepata habari ile saa ile. Kesho yake huuliza tena, nami humjibu vile vile, tena kwa ukali. Nilidhani kwamba msema kweli hana lawama.

Nilipokuwa nikirejea nililala Mbinga kwa mpwa wangu. Nikamweleza yaliyonichosha. Akanyamaza, kisha akasema, "Mjomba, iko filamu moja ningependa uitazame."

Filamu yenyewe yaitwa The Father. Mtungaji wake ni Mfaransa, Florian Zeller. Kwanza ilikuwa mchezo wa jukwaani, uliochezwa Paris mwaka 2012. Kisha mwaka 2020 akaugeuza mwenyewe kuwa filamu ya Kiingereza. Mwigizaji wake mkuu, Anthony Hopkins, alipata tuzo ya Oscar mwaka 2021, akiwa na umri wa miaka 83.

Ni kisa cha mzee wa London anayepotewa na kumbukumbu. Hamna jini wala muuaji, lakini inatisha, kwa sababu mtazamaji hutiwa ndani ya kichwa cha mzee yule. Vyombo vya nyumba hubadilika, binti yake huingia kwa sura ya mtu mwingine, na jambo lililokwisha pita hurudi upya. Saa yake ya mkono isipoonekana, hushuku kuwa ameibiwa. Na binti yake mdogo humtaja kana kwamba yu hai, kumbe alikwisha kufa.

Hapo machozi yalinitoka. Nilifahamu kwamba mama yangu nilikuwa nikimfanya mjane upya kila jioni.

Asubuhi sikupanda basi la Songea. Nilirudi Mbamba Bay, na jioni nikakaa naye ufukweni. Akaniuliza swali lake. Nikamwambia, "Mama, nihadithie, baba alikuwa mtu wa namna gani?" Akacheka, akanieleza kanga ya kwanza aliyoletewa, na jinsi baba alivyoogopa mawimbi ya ziwa ilhali ni mtoto wa bahari. Kisha nikainua mikono nikamwombea baba, naye akaitikia amin. Sikumwambia uongo, wala sikumliza.

Ndugu zangu, maradhi haya ni ya ubongo. Si uchawi, wala si ukaidi wa mzee. Kurani Tukufu imetutajia kwamba wako watakaorudishwa katika umri dhaifu, wasijue kitu baada ya kuwa walijua. Na wazazi waliofikia uzee imetukataza hata kuwaguna. Mimi niliyajua hayo tangu chuoni, lakini sikudhani kwamba jibu la kweli, likitolewa kwa ukali, laweza kuwa namna ya kuguna.

Sasa mama hata jina langu halijui. Lakini nikiketi kando yake hunishika mkono, asiuachie.

Mwenyezi Mungu atupe subira kwa wazee wetu, na atujaalie watoto watakaotusubiri sisi. Amin.