Mpishi Akiondoka, Ladha Hubaki kwa Nani?

Juma hili tunawaletea habari ya safari yetu ya Goma, na hasa ya chakula cha jioni tulichokula huko katika restora moja ya Kifaransa, kando ya Ziwa Kivu. Wengine mtashangaa: wanawake wa mgodini, wenye watoto wa kulipia shule, walienda kutafuta nini mahali ambapo sahani moja inauzwa dola 20? Tutawaeleza sababu, kisha mtatuhukumu.

Mnajua jiko la chama chetu. Wachimbaji wakitoka mashimoni na njaa, tunawauzia fufu, sombe, maharage na makayabu. Faida inaingia katika likelemba, na humo ndimo tunatoa pesa za masomo. Miezi michache iliyopita mpishi wetu alituaga, akaenda kupikia watu wengine waliompa mshahara mzuri zaidi. Hakutukosea neno, yeye pia ni mama, ana wa kulisha. Lakini hazikupita juma mbili wateja wakaanza kusema sombe si ile ya zamani, na sahani zikawa zinarudi na chakula ndani.

Tulipoitwa Goma kwa semina ya siku tatu, tukasikia kwamba restora ile nayo imebadilisha mpishi mkuu. Mzungu aliyeishikilia miaka mingi alikuwa amerudi kwao, na jiko limeachiwa msaidizi wake, kijana wa Bukavu. Tukaambiana: shida yao na shida yetu ni moja, tofauti ni kitambaa cha meza tu. Tukachanga pesa, tukachagua wanne wa kwenda kula na kuuliza.

Wakati huo barabara ilikuwa ingali inapitika. Ukitoka kwetu Walikale unaacha msitu na matope, pikipiki inapanda taratibu mpaka milima ya Masisi, na hapo nchi inabadilika kabisa. Badala ya miti mirefu unaona majani mabichi na ng'ombe mpaka macho yanapoishia. Ukifika Sake unaona ziwa. Zinabaki kilometa kama 25 tu, na mawe meusi ya volkano yanaanza kukusindikiza. Goma mnaijua: Nyiragongo ilimwaga moto katikati ya mji mwaka 2002, na mwaka 2021 moto ukaja tena mpaka pembeni ya mji. Watu wamejengea mawe yale yale yaliyounguza nyumba zao. Hata kuta za restora ile zilikuwa za mawe meusi.

Mhudumu alitupokea vizuri, hakutazama viatu vyetu. Tukamuuliza wazi habari ya mpishi. Akacheka: "Bamama, mupishi alibadilika, lakini nyungu ni zile zile. Mukule kwanza."

Tulianza na supu ya vitunguu. Vitunguu vinakaangwa polepole mpaka viwe rangi ya udongo, vinatiwa maji ya mifupa ya ng'ombe, juu wanaweka mkate na jibini, halafu bakuli linaingia ndani ya oveni. Jibini ilikuwa ya Masisi, ile ya mviringo tunayoiona ikiuzwa barabarani. Kazi hiyo wafugaji wa Masisi walifundishwa na mapadri kutoka Ubelgiji, na leo inafanywa na wenyeji wenyewe: maziwa yanapashwa moto, yanagandishwa, yanakatwa, yanakandamizwa, yanatiwa chumvi na kuachwa yakomae. Supu hiyo ilitufurahisha kuliko yote. Ilikuwa ya Kifaransa, na ng'ombe walikuwa wetu.

Nyama ya ng'ombe na mchuzi wa pilipili manga ilikuwa laini, ila mchuzi ulikuwa mwepesi na chumvi ilizidi. Baba mmoja katika meza ya jirani, mteja wa siku nyingi, alilalamika kwa sauti kwamba zamani mchuzi huo ulishika kijiko. Lakini mpishi mpya alikuwa ameongeza kitu ambacho yule wa kwanza hakuwahi kukiweka kwenye orodha: sambaza wa ziwani, waliokaangwa wakakauka, na ndimu pembeni. Sahani ya sambaza ilirudi jikoni tupu kila mahali tulipotazama.

Baada ya kula tuliomba kumwona mpishi. Alikuja anapangusa mikono, akatuita mama zake, akaketi. Tukamuuliza: bosi wako alipoondoka, alikuachia nini? Akasema alimwachia visu viwili na macho. Hakuna kilichoandikwa. Miezi mitatu ya kwanza watu walirudisha sahani. Ndipo akanunua daftari na mizani, akaanza kupima gramu za siagi, gramu za unga, dakika za moto. Mchuzi wa pilipili ulikuwa bado haujamtii, alikubali mwenyewe, lakini supu ya vitunguu ilikuwa ukurasa wa kwanza wa daftari. Tulielewa kwa nini ilikuwa nzuri.

Akatueleza kwamba Wafaransa wenyewe walishapita katika shida hii. Mpishi wao Auguste Escoffier aligawanya kazi ya jiko kubwa: huyu anashughulikia michuzi, huyu nyama, huyu vitu vitamu. Mwaka 1903 alitoa kitabu kikubwa cha upishi chenye maelfu ya mapishi, ili jiko lisitegemee mtu mmoja. Hata michuzi waliipanga kama ukoo: ipo michache inayoitwa mama, na mingine yote ni watoto wake. Ukijua kukaanga siagi na unga, kisha kutia maziwa kidogo kidogo bila mabonge, umeshampata mama mmoja.

Halafu akatusimulia habari ya Eugénie Brazier, nasi tuliporudi tuliitafuta zaidi. Alizaliwa mwaka 1895 katika familia ya wakulima, akapoteza mama yake akiwa bado mtoto, akachunga nguruwe. Alizaa kabla ya ndoa, akaenda mji wa Lyon kuwa mfanyakazi wa nyumbani, na upishi akajifunza kwa wanawake wenzake. Mwaka 1921 alifungua restora yake. Mwaka 1933 kitabu cha Michelin, kinachopima restora kwa nyota na ambacho nyota zake haziziditi tatu, kiliipa nyota tatu restora yake ya Lyon, na tatu nyingine ile ya mlimani. Vijana walikuja kujifunza kwake, na mmoja wao, Paul Bocuse, akawa mpishi mwenye jina kuliko wote Ufaransa.

Sasa tazameni mwisho wa hao wawili. Mama Brazier alifariki mwaka 1977. Nyumba ilishikwa na watu wa familia yake, ikapita katika shida, na mwaka 2008 ikachukuliwa na mpishi mwingine, Mathieu Viannay. Alishika vyakula vya mama yule, akaongeza vyake, na mwaka 2009 akapata nyota mbili. Bocuse naye alifariki mwaka 2018. Restora yake ilikuwa na nyota tatu tangu mwaka 1965. Mwaka 2020 moja ikaondolewa. Basi hata kwa mabwana wakubwa, mkono ukiondoka wateja wanasikia. Nyumba inaweza kuanguka, inaweza kuinuka, lakini haiwezi kubaki vile vile bila kazi.

Njiani kurudi tulibishana mpaka Masisi. Mmoja wetu alisema dawa ni rahisi: tuandike kila kitu, mpishi akiondoka tusijali. Mwingine akamkatiza: "Mama, mwanamke asiye na shamba wala shimo, mali yake ni mkono wake. Ukiandika siri yake yote kwenye daftari lako, kesho utamfukuza na kuchukua wa bei ndogo." Neno hilo lilitunyamazisha. Ni kweli. Huko Omate dhahabu inapimwa kwa mizani midogo, hata uzito wa njiti ya kiberiti unahesabiwa na kulipwa. Lakini akili ya mwanamke jikoni hakuna aliyewahi kuiweka kwenye mizani. Tunaila kila siku, bei tunamlipia kuni na maji.

Kwa hiyo tulipofika nyumbani tulikaa na chama, tukakubaliana mambo matatu. Kwanza, jiko litakuwa na daftari na mizani: kiasi cha sombe, mawese, chumvi, na muda wa moto. Pili, mwenye chakula chake daftarini ataandikwa jina lake juu ya ukurasa, na kila mwezi atapata sehemu ndogo ya faida ya chakula hicho, hata kama amehamia kwingine. Tatu, wapishi watakuwa wawili kwa zamu, na mmoja awe mdogo anayejifunza.

Tulimpelekea ujumbe mpishi wetu wa zamani, bila lawama, kumwambia ukurasa wa sombe ni wake. Alikuja siku ya soko, akaosha mikono, akapika mbele yetu huku msichana mmoja anapima na kuandika. Tuligundua kwamba alikuwa anatwanga sombe pamoja na majani ya kitunguu, na chumvi anaitia mwisho kabisa. Miaka yote hiyo hatukuwahi kumuuliza.

Vikundi vya kwenu vyenye jiko, duka la mikate au kiwanda cha sabuni, ulizeni mapema nani anashika ujuzi, na anapata nini kwa kuugawa. Msingoje aage. Kama mmeshapata namna nyingine ya kupanga jambo hili, tuandikieni, tuisome pamoja juma lijalo.