Mbegu za koko haziliwi

Mwezi wa pili mwaka 2025, kambi za pembeni mwa mji wa Goma zilipovunjwa na watu kuambiwa warudi makwao, barabara inayopanda kuelekea Rutshuru ilijaa. Wengi wenu mnaonisoma mlikuwemo. Wanaume walibeba miti ya vibanda, vijana walikunja maturubai, akina mama walifunga sufuria na bidoni, na tshukudu zilipita zimelemewa na magodoro. Nilikuwa nimesimama upande wa Kanyaruchinya na daftari yangu. Kilichonivuta macho ni mama wazee, kwa sababu karibu hawakuwa na mzigo. Walikuwa na fundo dogo kwenye ncha ya kitenge, limefungwa kiunoni.

Koko mmoja wa Kibumba alikubali kunifungulia la kwake. Yalikuwa maharage, labda kopo moja na nusu, yamechanganywa na majivu.

"Hii iko mbegu," aliniambia. "Vitu vingine tutaomba. Mbegu, nani atakupatia?"

Anayelima ataelewa mara moja. Mwezi wa pili na wa tatu ni wakati wa kupanda msimu wa pili wa mwaka, ule tunaouvuna karibu na mwezi wa sita. Ukiupoteza, unangoja mpaka mwezi wa tisa. Watu walikuwa wanarudi kwenye nyumba zisizo na milango wala mabati, wengine hawakuwa hata na jembe, na mvua ilikuwa inaanza. Mambo ya kujenga yangeweza kungoja. Swali la wiki ile lilikuwa: tunapanda nini?

Huyo koko alikimbia Kibumba mwishoni mwa 2022. Zaidi ya miaka miwili alilala kwenye mawe ya volkano. Na maharage hayalali katika fundo miaka miwili yakabaki mbegu. Yanachoka, wadudu wanayatoboa, na ukiyapanda yanaota moja hapa na moja kule. Nilimwuliza basi amefanyaje. Akacheka kidogo, akanieleza kama mtu anayemweleza mtoto wa mjini.

Kila msimu aliomba kona ya kiwanja kwa familia mwenyeji, si mbali na kambi. Udongo pale ni kidogo, umekaa katikati ya mawe tu, hivyo alikuwa anabeba mwingine kwa beseni kichwani na kuujaza kwenye mashimo. Alipanda konzi chache. Mavuno waligawana nusu kwa nusu na mwenye kiwanja. Katika nusu yake, kabla sufuria haijawekwa motoni, alichagua punje zilizo nzima na nzito, akazikausha juani, akazichanganya na majivu, akafunga. Kilichobaki ndicho kilipikwa. Kwa hiyo maharage aliyokuwa anarudi nayo Kibumba yalikuwa watoto na wajukuu wa yale aliyotoka nayo.

Msifikiri jambo hilo lilipita bila ugomvi. Kijana wake alikuwa pale amebeba turubai, naye alisema mbele ya mama yake bila kuficha. Mwaka 2024 kulikuwa na siku mbili ambazo nyumba haikupika kitu. Wajukuu walikuwa wanne. Kijana alijua fundo liko wapi, akasema tupike hayo maharage. Koko alikataa. Alitoka na kitenge chake cha pili, kile kizuri alichokuwa anavaa kwenda kanisani, akarudi na unga.

"Nilimkasirikia sana," kijana alisema. "Niliona kama mama anapenda maharage kuliko watoto wangu."

Koko hakumjibu. Aliendelea kufunga fundo.

Tunasema sana habari za hekima ya wazee, na mara nyingi tunamaanisha methali na hadithi za kando ya moto. Niliyoiona barabarani ilikuwa hesabu. Alinifanyia hesabu hiyo palepale. Ukipanda leo, baada ya wiki chache unaanza kuchuma majani, unayapika kama mboga, lakini usichume mengi, maana mmea nao unataka kula. Halafu zinakuja maganda mabichi. Halafu, karibu mwezi wa tatu tangu kupanda, maharage yenyewe. "Shamba moja linapika mara tatu," alisema. Kumbe hata siku ile alipokataa mbele ya watoto wenye njaa, alikuwa anaona majani hayo, na maganda, na mwisho wake.

Hesabu hiyo hawakuifundishwa na semina. Mwulize mama mzee wa huku mambo yalitokea mwaka gani, atakutajia mtoto. Nyiragongo ya 1977 ni ile ya mtoto wa kwanza. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka mpaka kwa mamia ya maelfu na kipindupindu kikafuata, ni wa yule aliyekuwa ananyonya. Vita vya 1996 ni vya aliyezaliwa njiani. Kuna moto wa Januari 2002, kuna 2008, kuna 2012 waasi wa M23 walipoingia Goma mara ya kwanza, kuna Nyiragongo tena Mei 2021, halafu hivi vya sasa. Siwezi kumpata mtu wa umri huo ambaye anaweza kuniambia kwa haraka amefunga virago mara ngapi. Anahesabu, anasahau mmoja, anarudi nyuma.

Kutoka humo wanajua mambo ambayo sisi tunayasikia kwenye vipaza sauti. Kipindupindu kilipoingia tena katika kambi zetu, nilikuwa napita kwenye safu moja ya vibanda ambako mzee mmoja alikaa karibu na choo tangu asubuhi, ndoo ya maji upande huu, majivu upande huu. Hakuna mtoto aliyepita bila kunawa. Aliwaeleza alichokiona kandokando ya barabara mwaka 1994, watu waliofungwa kwenye mikeka, na hakupunguza neno. Watoto walimwogopa yeye kuliko ugonjwa. Nadhani ilisaidia.

Kuna jambo lingine, na hili ni zito.

Ni kuni. Kila familia iliyokaa kambini inajua. Ili kupika ilibidi kwenda porini, upande wa hifadhi ya Virunga, na huko wanawake na wasichana walikamatwa na kubakwa na watu wenye silaha. Hili halikuwa siri, waganga waliokuwa wanawapokea walilisema wazi. Katika nyumba nyingi uamuzi ulifanyika usiku, kwa sauti ya chini: nani ataenda kesho? Na mara nyingi aliyesema "nitaenda mimi" alikuwa koko. Mmoja alinieleza maneno aliyomwambia mkwe wake: "Mimi nimeshazaa, nimeshazika. Huyu msichana bado." Walikwenda kwa kundi, watano au sita, wakiondoka pamoja na kurudi pamoja. Kabla ya kutua mzigo walihesabiana. Uzee haukuwalinda wote.

Kwa hiyo mgeni anapokuja na gari lake jeupe, akapiga picha ya mama mzee mwenye mikunjo usoni, akasema wanawake hawa wana nguvu ya ajabu, mimi nafikiria zile kuni. Nguvu hiyo wanayo, sikatai. Lakini ililipwa na mtu, na waliopaswa kuzuia bei hiyo isilipwe wanajulikana: wenye bunduki wa pande zote, na wakubwa wao. Sifa haipunguzi uzito wa mzigo kichwani.

Tena sifa hiyo ina madhara yake. Anayeitwa mwenye nguvu huwekwa mwisho wa mstari. Nilihudhuria ugawaji mmoja wa chakula, shirika sitalitaja, ambapo watu waliandikishwa kwa alama za vidole. Mama mzee mmoja aliweka kidole, mashine ikakataa. Akaweka kingine, ikakataa. Vyote kumi. Miaka hamsini ya jembe ilikuwa imefuta mistari yote. Kijana wa mashine akamwambia kwa heshima, "Mama, mashine haikuoni," na akaita mwingine.

Alirudi na mfuko mtupu. Kesho yake alirudi tena, na keshokutwa, akiwa na wenzake saba wenye vidole kama vyake, wakakaa chini mbele ya meza. Hawakupiga kelele. Walikaa tu, mpaka mkubwa wa zoezi akaleta daftari na kuwaandika kwa kalamu, kama zamani. Na kwa sababu miguu haikuweza kusimama saa sita kwenye mstari, walipatana na wasichana wa kambi: wewe unanishikia nafasi, mimi nabaki na mtoto wako. Siku za ugawaji ungekuta koko mmoja na watoto wachanga wanne juu ya mkeka, na foleni yote imejaa mama zao.

Nami nina koko wangu. Tarehe 17 Januari 2002, moto uliposhuka kutoka Nyiragongo na kukata mji katikati hadi ziwani, alitufunga wajukuu watano kwa kitenge kimoja kilichopasuliwa, mkono kwa mkono, akatembea nasi mpaka Gisenyi. Nakumbuka fundo lilivyobana kifundo changu, na kwamba alikataa kulilegeza hata tulipolia. Nyumba iliungua. Sisi watano tupo.

Sasa hawezi kutembea mbali. Lakini mwezi wa sita mwaka huu, shamba letu la upande wa Rugari lilipovunwa, aliagiza aletewe maharage yote nyumbani hapa Goma kabla hata mtu hajaonja. Alikaa nayo mlangoni siku nne akichagua. Halafu akaanzisha kitu ambacho mwenyewe anakiita likelemba ya mbegu. Familia iliyorudi bila kitu inapewa kopo moja. Ikivuna, inarudisha makopo mawili: moja la kwake, moja la familia itakayofuata. Hakuna riba nyingine, hakuna karatasi, ila kwa kuwa yeye hajui kuandika na mimi kazi yangu ni kuandika, daftari niliyo nayo kazini sasa ina kurasa mbili za majina ya wadaiwa wake.

Kuna majina kumi na moja. Niliuliza itakuwaje mvua ikikataa, au watu wakikimbia tena kabla ya kuvuna. Alinitazama kama ameulizwa na mtoto wa mjini.

"Watakimbia nayo," alisema.

Msimu wa mwezi wa tisa unakaribia. Jumamosi nitampelekea kopo mama mmoja wa Kibumba, jina la kumi na mbili. Koko ameniambia nihakikishe kwamba yamepakwa majivu vizuri, na nisiyakabidhi kwa mwanaume mwenye njaa.