Barua ya elfu moja

Najua nimepotea, karibu wiki tatu sijaandika kitu hapa, na wengine mmeshaanza kunitumia meseji kuuliza kama nimedisko. Sijadisko jamani! Nipo, Mlimani ni ileile, vimbweta ni vilevile, na bumu bado halijaingia (hilo nalo lina siku yake). Leo nimeamua niwaeleze lile jambo la barua zangu za Jumapili, maana maneno yamekuwa mengi na kila mtu ana hadithi yake. Wapo wanaosema nimekuwa mfanyabiashara, wapo wanaosema biashara imenishinda. Yote mawili yana ukweli kidogo.

Kwa ambao hamzijui: tangu mwaka wa kwanza huwa naandika barua fupi kila Jumapili, naituma kwa barua pepe, na kwa wale ambao barua pepe wanaifungua siku ya kutafuta matokeo tu, naituma kwa WhatsApp. Kila barua inachukua neno moja la Kiswahili na kulifuata lilikotoka. Kwa mfano gereza. Wataalamu wanalirudisha kwenye neno la Kireno igreja, yaani kanisa. Sasa kanisa limefikaje kuwa jela? Unajikuta umeenda mpaka Ngome Kongwe pale Unguja, ambayo Waomani waliijenga mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, na baadaye ikatumika kama jela kweli. Ukianza kufuata vitu kama hivyo Jumamosi nzima inaisha, unatoka maktaba macho mekundu, na ulichopata ni kurasa mbili.

Nilianza na wasomaji saba, wote wa darasani kwetu. Mpaka Januari walikuwa 212. Sikuwahi kumuomba mtu hata mia.

Basi bwana, mwenzangu wa chumbani anasoma biashara. Usiku mmoja nikamtajia hiyo namba, akakaa kitandani wima kama aliyeota. Akatoa simu, akapiga hesabu: watu 212, kila mmoja elfu moja kwa mwezi, hiyo ni 212,000. "Na wewe unakula chipsi kavu," akaniambia. Mimi nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema: "Uliacha tuisheni ya Sinza kwa ajili ya hizo barua. Elfu kumi kila Jumamosi. Kwa hiyo wao hawakulipi, wewe ndiye unayewalipa wakusome!"

Hapo nilinyamaza kwa sababu ni kweli. Ile tuisheni ilikuwa na watoto wawili wa kidato cha nne, niliiacha mwaka jana kwa sababu Jumamosi yangu ilikuwa moja tu. Na sisi walimu watarajiwa tuna ugonjwa huu, tunaona haya kutaja hela. Daktari akitaja bei hakuna anayeshangaa, fundi bomba akitaja bei hakuna anayeshangaa, mwalimu akitaja bei anaambiwa ualimu ni wito.

Tena hakuwa ananiambia jambo geni. Huko Marekani kuna kampuni inaitwa Substack, ilianza 2017, kazi yake ndiyo hiyo: mwandishi anaandika, msomaji analipa kila mwezi, kampuni inakata asilimia 10. Wapo waliojiuzulu magazetini wakaishi kwa barua zao tu. Nilijaribu kujifungulia na mimi, nikagonga mwamba mapema. Bei ya chini kabisa ya msomaji wa kulipia ni dola 5 kwa mwezi, ambazo kwa hela yetu ni zaidi ya shilingi 12,000. Nani hapa Mlimani atanipa elfu kumi na mbili kwa ajili ya asili ya neno meza? (Ni la Kireno pia, msinilipe.) Halafu malipo yenyewe yanapitia kwenye mfumo ambao mtu wa Tanzania hafungui akaunti. Nikaona isiwe tabu, M-Pesa ipo.

Jumapili ya kwanza ya Februari nikatangaza. Niliandika tangazo mara sita, kila mara nikiomba radhi zaidi ya mara iliyopita, mpaka mwenzangu akaninyang'anya simu akalituma yeye. Kuanzia sasa, elfu moja kwa mwezi. Atakayelipa ataingia kwenye kundi jipya, kundi la zamani linafungwa.

Majibu yalikuwa mazuri sana. "Safi dada, thamani yako uijue." "Ulichelewa." "Nakuunga mkono asilimia mia." Nilihesabu wa namna hiyo sitini na kitu. Waliolipa walikuwa 19.

Sitaki mdhani nawasema. Najua hali zetu mwezi wa pili, bumu likichelewa watu wanahesabu mpaka chumvi. Mimi mwenyewe sijui kama ningejilipa. Ila nilijifunza kwamba mtu kukupenda ni jambo moja na mtu kuingiza namba ya siri ni jambo jingine kabisa.

Elfu kumi na tisa. Nilinunua bando na mchele kilo tatu, nikahisi mkubwa.

Halafu ikaja wiki ya majaribio, majaribio manne ndani ya siku tano. Zamani wiki kama hiyo nilikuwa naruka tu, na wasomaji wakiona kimya wananiandikia "pole na mitihani dada". Safari hii, Jumapili saa mbili usiku ikaingia meseji: "Barua ya leo vipi?" Ya pili: "Au ndio tumeshaliwa?" Ya tatu ilikuwa ya mtu ninayemheshimu sana, kistaarabu kabisa, akaniuliza kama siku za kutoa zimebadilika. Hakuna aliyenikosea. Walilipia barua nne kwa mwezi, nilikuwa nimetoa mbili. Ila nilikaa kitandani nikahisi kitu kimeondoka. Nilizoea kuandikia rafiki, sasa nadaiwa.

Nikakaa nikaandika kwa saa moja na nusu. Nikachagua neno rahisi, shule, nikaeleza bila kufungua hata kitabu kimoja kwamba linatokana na Kiingereza, school. Nikatuma nikalala.

Asubuhi nimeamka na aya tatu kutoka kwa mmoja wa wale 19. Shule ni Kijerumani, Schule. Lilibaki Tanganyika tangu enzi za Wajerumani. Kiingereza kimetoa skuli, ambalo ndilo linalotumika Zanzibar mpaka leo, kwa sababu wao walikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza tangu 1890. Yaani tofauti yote ya nani alimtawala nani imekaa ndani ya maneno hayo mawili, ni neno ambalo ningeweza kuliandikia barua bora kuliko zote. Na mimi mwanafunzi wa Kiswahili na Historia, mwaka wa tatu, ninayejiandaa kwenda kusimama mbele ya watoto kwenye hiyohiyo shule, nimelikosea! Tena kwa hela ya mtu! Zile barua za bure sikuwahi kuzikosea hivyo, kwa sababu nilikuwa situmi mpaka nimeridhika.

Hata hivyo aibu hiyo ningeimeza. Kilichonishinda kilikuja siku nne baadaye.

Mwaka wa pili nilifanya mazoezi ya kufundisha mkoa wa Singida, kwenye shule moja ya kata. Kulikuwa na binti wa kidato cha tatu aliyekuwa akibaki baada ya kipindi kuniuliza maneno. Hana simu. Kaka yake ni bodaboda, simu anayo, kwa hiyo nilipoondoka niliiweka namba ya kaka kwenye orodha. Kila Jumatatu yule binti alikuwa akiinakili barua kwenye daftari kwa mkono, halafu wenzake wanaigombania mapumziko. Kaka aliwahi kunitumia picha ya hilo daftari, limechoka pembe zote.

Meseji ilisema: "Shikamoo mwalimu. Barua hazifiki siku hizi. Kaka amezima simu na kuwasha lakini bado. Au huku kwetu mtandao ndio mbaya?"

Soma tena jamani. Hakulalamika, wala hakuniomba bure. Hakuwaza hata kidogo kwamba mimi ndiye niliyefunga. Alidhani ni mtandao.

Sikumjibu siku hiyo. Nilimpigia mama. Mama yangu anauza maandazi na vitumbua tangu sijazaliwa, ndiyo yaliyonisomesha mpaka hapa, kwa hiyo kwenye habari za bei yeye kwangu ndiye profesa. Nikamweleza yote. Akasikiliza, akaniuliza: "Hiyo barua ukimpa mtu, wewe unabaki nayo?" Nikasema nabaki nayo. "Mimi andazi nikitoa, limeenda. Ndio maana silitoi." Nikafurahi, nikajua nimeshapewa jibu. Kumbe hajamaliza. "Lakini mwanangu, na mimi usingizi wa saa tisa usiku nikishautoa haurudi. Hiyo Jumamosi yako inarudi?"

Haya sasa. Kila mara nikidhani nimempata mshindi kati ya hao wawili, mwingine ananyanyuka. Barua haipungui, lakini Jumamosi inapungua. Ukiniambia mwandishi anayetoza ni mchoyo nitakubishia mpaka asubuhi, na ukiniambia bila bei hakuna thamani nitakutolea lile daftari la Singida.

Nikakumbuka shangazi yangu. Alikuwa anasoma hadithi za Eric Shigongo zile za magazetini, za kuishia pabaya halafu unaambiwa itaendelea wiki ijayo. Gazeti alilinunua, Shigongo akapata chake. Lakini likishafika nyumbani linazunguka: jirani wa kushoto, jirani wa kulia, dada wa saluni, linarudi lina mafuta ya nywele. Mnunuzi mmoja, wasomaji kumi, na hakuna aliyeitwa mwizi. Ile bei ilikuwa na mlango wa nyuma. Bei yangu ya kundi la WhatsApp haikuwa nao. Nilikuwa nimewaandikia kabisa wale 19, kwa herufi kubwa, MSISAMBAZE. Yaani yule binti na daftari lake, kwa sheria niliyoitunga mimi mwenyewe, angekuwa mkosaji.

Kuna mwalimu mmoja wa historia huko Marekani, Heather Cox Richardson, profesa wa Boston College. Tangu 2019 anaandika barua zinazoitwa Letters from an American, zipo hukohuko Substack, na wasomaji wake wamepita milioni. Barua zake anasoma yeyote. Anayelipa anachopata zaidi ni nafasi ya kutoa maoni. Sijifananishi naye (yeye ana milioni, mimi nina daftari moja Singida), na anacho cheo cha uprofesa cha kumlisha. Ila ilinisaidia kujua kwamba mtu anaweza kupokea hela bila kufunga mlango.

Tena kwetu tuna neno la hiyo kitu kabla ya Substack haijazaliwa. Kutunza. Nenda kwenye harusi yenye taarabu, hakuna anayekulipisha usikie. Lakini wimbo ukikugusa unainuka, unaenda unacheza taratibu mpaka mbele, unamtunza mwimbaji noti yako, unarudi kukaa. Asiyenacho anasikia wimbo uleule. Na mwimbaji haoni haya kuzipokea, anazipokea huku anaimba!

Basi nimefanya hivi. Wale 19 nimewarudishia elfu zao za Machi, pamoja na barua ya kuomba radhi kuhusu shule. Saba walikataa kurudishiwa. Barua zimerudi kwa wote 212, pamoja na simu ya kaka bodaboda, na chini kabisa kuna mstari mmoja wenye namba yangu kwa anayetaka kutunza. Nikiwa na mitihani nitaruka, na nitasema nimeruka. Ninachotoza ni kile ambacho kweli hakibaki kwangu: mtu akiniletea insha yake au ripoti yake niipitie neno kwa neno, hiyo ina bei, na bei sitaiombea radhi tena. Wiki iliyopita nimepitia mbili.

Mwenzangu wa chumbani anasema ni mpango wa kijinga. Anasema watu wote watajifanya yule binti wa Singida. Inawezekana. Mwezi wa kwanza wa kutunzwa nimepata 23,500 kutoka kwa watu kumi na mmoja, mmoja akatuma elfu tano akaandika "ya shule na skuli". Ukiweka pembeni na ile tuisheni ya Sinza, bado nimepoteza. Mwezi ujao zikija elfu tatu sijui nitasemaje, labda nitarudi Sinza na barua ziwe moja kwa mwezi. Sijaapa.

Binti nilimjibu. Nilimwambia ukweli, kwamba mtandao haukuwa na tatizo, ni mimi nilikuwa nimeweka bei na nimeiondoa. Jibu lake lilichelewa siku mbili, nikakonda. Lilipokuja lilikuwa hivi: "Sawa mwalimu. Ilikuwa bei gani? Tuko kumi na nne, tungechanga."

Sijui hata niwaambie nini hapo. Ngoja niwahi maktaba kabla hawajafunga, neno la Jumapili hii sijalipata bado. Wenye maoni njooni, wenye bumu lililoingia njooni zaidi. Tupo pamoja.