Mama yuko kwenye nyanya

Nilifika nyumbani Kamachumu jioni moja ya Novemba, nikitokea Bukoba mjini kufuatilia habari ya malaria katika vijiji vya Muleba. Mlangoni nilimkuta mtoto wa dada yangu, miaka saba, amekaa kwenye kigoda kama mlinzi wa benki.

“Shikamoo mama mdogo. Usiingie. Mama yuko kwenye nyanya.”

Nikageuka kutazama bustanini. Hakukuwa na mtu.

Kumbe nyanya ni dakika 25. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Mwitaliano Francesco Cirillo, akiwa mwanafunzi aliyeshindwa kutulia na vitabu, alianza kujipimia muda kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Jina likabaki.

Dada anasomea PhD. Jumanne na Alhamisi hupigiana simu na wenzake watatu: mmoja yuko Bukoba mjini, mwingine Mwanza, mwingine Morogoro. Kila mmoja anasema ataandika nini, wanazima maiki, wanaandika. Dakika 25, pumziko dakika 5, mara nne. Jumamosi wanasomeana kurasa mbili mbili, hata zikiwa mbovu. Hasa zikiwa mbovu.

Kabla ya kundi hilo alikuwa peke yake, na mimi nilimwongezea upweke. Kila tulipoongea kwenye simu nilimuuliza, “Unamaliza lini?” Kazi yangu ni kuuliza, sikuona ubaya. Mama naye aliuliza, majirani wakauliza, hata padri. Krismasi mbili mfululizo hakuja nyumbani, akisema yuko kukusanya takwimu. Nilidhani usomi umempa kiburi. Baadaye aliniambia takwimu alishamaliza kukusanya zamani. Alikuwa chumbani kwake Dar es Salaam, mtoto yuko kwa mama huku Muleba, na barua ya kuacha masomo imeshaandikwa. Hiyo ndiyo ilikuwa kitu pekee alichokimaliza kuandika mwaka ule, alisema, akacheka. Mimi sikucheka.

Akili anayo, na bidii pia. Msimamizi wake si mtu mbaya, ila ana wanafunzi wengi, na sura moja ilikaa kwake miezi minne. Ukingoja hivyo, kila sentensi unaiona ya aibu.

Halafu kuna lugha. Sisi tulianza na Kihaya, shule ya msingi tukasoma kwa Kiswahili, sekondari tukahamishiwa Kiingereza. Utafiti wake unahusu maisha ya chandarua ndani ya nyumba, hadi kinapochakaa na kuzungushiwa banda la kuku. (La mama limezungushiwa, nimeliona.) Si jambo dogo: majaribio ya vyandarua vyenye PBO yaliyofanyika hapa Muleba yalichangia Shirika la Afya Duniani kuvipendekeza mwaka 2017. Lakini sura ya matokeo ilimgandisha. Mwenzake wa Morogoro akamwambia, “Hebu tusimulie kwa Kiswahili, kama unamweleza mama yako.” Akasimulia, wakamrekodi. Kesho yake akaketi, akaisikiliza sauti yake mwenyewe, akaandika kurasa sita.

Wazo la kundi lilitoka kwa mwenzake aliyepitia CARTA, mpango ulioanzishwa mwaka 2008 unaounganisha vyuo na taasisi za utafiti Afrika, kikiwemo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Taasisi ya Afya Ifakara. Huko wanafunzi wa PhD hukutanishwa kwenye semina nne, wakafundishwa pamoja kusoma, kuchambua na kuandika. Dada hakuwa na nafasi hiyo. Alikuwa na bando la intaneti na watu watatu.

Na sasa ana mlinzi. Mama alipinga mwanzoni, “Mtoto anamfukuza mama yake?” Siku hizi ni yeye anayewaambia wageni wakae jikoni kwanza.

Jioni ile tulikaa huko tukichambua senene. Mlango ukafunguliwa, dada akatoka anafikicha macho. Swali langu la zamani lilinifika ulimini. Nikalimeza.

“Nyanya ngapi leo?”

“Tatu,” akasema, akichota senene kwenye bakuli la mama. “Ya nne nimelala.”