Baba Yuko Njiani

Mwezi wa Oktoba 2021, hapa Butembo, nilimwadhibu mwanafunzi aliyesinzia darasani. Jioni mama yake akanieleza: usiku kucha walikuwa wakisali rozari, kwani baba, dereva wa lori, alikuwa njiani kati ya Komanda na Beni. Mwezi uliotangulia, msafara wa magari ulishambuliwa katika njia hiyo, ingawa ulilindwa na askari. Magari yakachomwa, watu wakauawa.

Baba yule alirudi salama, nami nikamwomba mtoto radhi.

Tangu hapo, nimwonapo dereva mgeni aliyeleta shehena kutoka Mombasa kupitia Kasindi, siulizi bei ya mzigo tu. Namsalimu na kumwombea. Maana kwao pia yuko mtoto asiyelala.