Nilichagua kwa Macho

Samaki wa mpwa wangu niliwaua mimi, kisha lawama nikamtupia yeye. Naliweka wazi jambo hili kwa sababu najua wapo wazazi hapa Arusha wanaotaka kumnunulia mtoto tangi la samaki, na wataingia palepale nilipoingia mimi.

Mtoto alidunduliza pesa zake za sikukuu. Kwao ni Usa River, maji ya bomba lao yanatoka Mlima Meru. Mimi, mjomba mtu niliyesoma kidogo mambo haya, nikajitwika kazi ya kuchagua samaki. Nikachagua tetra wa neoni kwa uzuri wao: wadogo, mstari wa buluu unaong'aa ubavuni, wekundu kuelekea mkiani. Sikuuliza wamezoea maji gani. Asili yao ni mito ya Amazoni, maji laini yaliyokolea majani yaliyooza, pH chini ya 7.

Jibu lilikuwa mdomoni mwa mtoto mwenyewe. Meno yake yana madoa ya kahawia, kama ya wengi waliokulia chini ya Meru. Miamba ya volkano huyatia maji floridi, na floridi hiyo huku kwetu huandamana na magadi, yanayopandisha pH. Kwenye kituo cha utafiti cha Ngurdoto wamechoma mifupa ya ng'ombe miaka mingi kupata mkaa wa kuichuja. Sisemi floridi ndiyo iliyowaua samaki. Nasema ningeyatazama yale meno, ningejua kwamba maji hayo si ya tetra.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Nilipopima na kukuta pH imepita 8, nikatia siki. Ikashuka, nikafurahi, kulipokucha imepanda tena, nami nikaongeza siki. Magadi yakikutana na asidi hutoa hewa ya ukaa, na hewa hiyo ikishatoka majini pH hurudi juu. Samaki wakawa wanapandishwa na kushushwa. Isitoshe tangi lilikuwa jipya, halina bakteria wa kumaliza amonia ya kinyesi chao. Katika joto la nyuzi 25, pH ikitoka 7 kufika 8.5, sehemu ya amonia iliyo sumu huongezeka zaidi ya mara 20. Wakawa wanahema juu ya maji, mapezi wameyabana, buluu imefifia. Wakaisha mmoja mmoja.

"Mjomba, nimewakosea nini?" aliniuliza. Nikamwambia anawalisha kupita kiasi. Haikuwa kweli, alikuwa akiwatilia chakula kwa ncha za vidole, chembe chembe, kama nilivyomfundisha. Nimemwomba radhi mbele ya mama yake.

Linaloniuma hadi leo ni kwamba samaki wa kufaa wako nchini mwetu. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH inayokaribia 9, na humo yumo Neolamprologus multifasciatus, asiyefika hata sentimita 5, anayeishi ndani ya gamba tupu la konokono na kufukua mchanga mlangoni pake. Hamsumbui anayeanza. Akikosekana, gapi na moli huyavumilia maji ya magadi kuliko tetra.

Wewe unayeanza, uwe Tengeru, Usa River au mjini, pima maji ya bomba lako kabla ya kwenda kununua samaki. Liache tangi bila samaki wiki kadhaa huku ukilitilia chakula kidogo ili bakteria wazaliane. Na siki iache jikoni.