Banda la Njiwa na Furushi la Khanga

Akina mama wenzangu, mtoto aliyefiwa na mama yake hulia siku za kwanza, na watu wote humhurumia. Kazi ngumu huja baadaye, machozi yakishakauka na wageni wa msiba wakisharudi makwao. Napenda kuwasimulia yaliyotokea nyumbani kwangu hapa Nyangamara, mkoani Lindi, tulipojenga banda dogo la njiwa. Huenda likamsaidia mama mwingine anayelea mtoto ambaye hakumzaa.

Mdogo wangu wa kike alifariki dunia akamwacha mtoto wa kiume wa miaka sita. Walikuwa wakiishi Kilwa Masoko. Mimi ni mama yake mkubwa, kwa hiyo hapakuwa na mjadala, tukamchukua. Nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi, nami nilidhani najua kumtunza mtoto. Nilimpima uzito, nikamnunulia sare ya shule na chandarua kipya. Alikula vizuri. Hakumsumbua mtu. Majirani walinisifu kwamba mtoto amezoea upesi.

Lakini kila jioni alikunja nguo zake, akazifunga katika khanga ya marehemu mama yake, akaliweka furushi karibu na mlango. Asubuhi alilifungua kutoa nguo ya kuvaa, na jioni alilifunga tena. Nilimwonyesha sanduku lenye nafasi yake. Alitikisa kichwa. Nilisema moyoni kuwa ni mazoea tu, yataisha. Mume wangu ndiye aliyeniambia usiku mmoja, "Mama watoto, huyu anangoja kurudi kwao."

Likizo ya Juni ilipofika, kitinda mimba wangu, binti wa miaka minane, aliomba tufuge njiwa. Nilikubali, nikiona ni nafasi ya kuwaweka watoto hawa wawili katika kazi moja. Tulichukua sanduku la mbao lililokuwa limebebea nyanya, tukaomba vipande vya mbao kwa fundi seremala. Baba yao alikata kwa msumeno, watoto wakapiga msasa na kunipa misumari. Tuligawa sanduku vyumba viwili, kila kimoja kama sentimeta 30 kwa 30, na mlango wa sentimeta 15 hivi. Paa tuliweka kipande cha bati, juu yake nyasi, kwani bati tupu huwachoma ndege jua la mchana. Tulilisimamisha juu ya nguzo ndefu kumzidi mtu mzima, tukaizungushia nguzo bati ili paka na nyoka wasipande.

Hapa naomba niseme kama muuguzi. Watoto hupenda kupaka rangi kuliko kazi nyingine yote, lakini si kila rangi inafaa. Baadhi ya rangi za mafuta, hasa za makopo ya zamani, zina madini ya risasi. Madini hayo yakiingia mwilini hudhuru ubongo wa mtoto, hata kwa kiasi kidogo, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Tumia rangi ya maji iliyoandikwa kuwa haina risasi. Msikwangue rangi ya zamani penye watoto, maana vumbi lake ni baya zaidi. Pakeni nje ya banda tu, mwache rangi ikauke vizuri kabla ya kuingiza ndege, na mikono ioshwe kwa sabuni. Banda likae mbali na kisima. Kinyesi cha njiwa kisafishwe na mtu mzima, kikiwa kimelowanishwa maji, na pua imefunikwa kitambaa.

Tulichagua rangi ya buluu na nyeupe. Binti yangu alipaka upande wake kwa uangalifu. Mtoto wa mdogo wangu alipewa mlango wa chumba cha pili. Alipaka mistari iliyopishana, kisha akatumbukiza kiganja chake katika rangi nyeupe, akakibandika katikati. Rangi ilichuruzika hadi chini. Nilimwambia, "Vizuri, mwanangu," lakini moyoni sikupendezwa. Jumamosi ile akina mama wa kanisani walikuwa waje kwangu kwa maombi, nami nilitaka waone kitu kizuri. Usiku watoto walipolala, niliwasha taa, nikachukua brashi, nikaupaka mlango ule buluu tupu.

Asubuhi alikwenda kuliangalia banda kabla hata ya kunawa uso. Alisimama pale kwa muda. Hakulia. Alirudi ndani, akachukua furushi lake, akakaa nalo mlangoni. Nilipomwita aje kunywa uji, alisema, "Mama Mkubwa, ule mlango sio wangu."

Wenzangu, nimepewa maneno makali na wakubwa kazini, lakini hakuna lililonichoma kama hilo. Nilielewa kwamba sikuwa nimefuta rangi tu. Tangu alipofika, nilikuwa nikifuta kila kitu cha kwake na kupaka cha kwangu. Alipotaja jina la mama yake, mimi nilibadilisha mazungumzo, nikidhani namwepusha na uchungu. Kumbe nilikuwa najiepusha mwenyewe, maana marehemu alikuwa mdogo wangu, na mimi pia sikuwa nimemlilia vya kutosha.

Nilipiga magoti mbele yake, nikamwambia, "Mwanangu, nimekosa. Nilipaka juu ya kazi yako bila kukuuliza. Nisamehe." Aliniangalia kwa mshangao, kwa kuwa watoto wetu hawajazoea kuombwa radhi na watu wazima. Kisha akauliza kama rangi nyeupe bado ipo. Ilikuwepo, kidogo tu chini ya kopo. Alibandika kiganja chake tena. Akina mama walipokuja Jumamosi, kitu cha kwanza walichouliza ni kile kiganja ni cha nani. Alijibu mwenyewe.

Njiwa tulipewa na babu mmoja jirani yetu, Mwislamu mcha Mungu, aliyefuga tangu utoto wake. Tulipomwamkia akaitikia, "Marahaba," kisha akatupa dume na jike pamoja na onyo. "Msiwafungulie mapema," alisema. "Njiwa hasahau alikotoka. Wafungieni kwa wavu, wapeni maji na mtama, wawe wanauona ua wenu. Wakitaga mayai, hapo ndipo pamekuwa kwao."

Mtoto alisikiliza kuliko sisi sote. Aliuliza, "Babu, wakifunguliwa, kwao kwa zamani watapasahau?" Babu akajibu, "Hapana. Ila watakuwa na pa kurudi."

Wiki zikapita. Jike akataga mayai mawili, nasi tukaondoa wavu. Siku ile ile, jioni, dume akaruka akaenda zake. Binti yangu alilia. Asubuhi yake babu akaja akiwa amemkumbatia njiwa, akimgombeza kwa utani kuwa ni mtoro asiye na shukrani. Mtoto wa mdogo wangu akamshika babu mkono, akasema, "Usimgombeze, babu. Alikwenda kuangalia kwao tu."

Usiku ule nilizungumza na mume wangu. Shule zilipofungwa tena, tulipanda basi na watoto, tukapita Lindi mjini, tukateremka Nangurukuru na kuchukua gari la Kilwa Masoko. Tulimpeleka nyumbani alikokuwa akiishi na mama yake. Aliona chumba, aliona mwembe, akasalimiana na wenzake. Tulikwenda kaburini, tukapalilia, tukaomba. Pale kaburini nililia mbele yake kwa mara ya kwanza, naye akanifuta machozi kwa pindo la khanga yangu. Nilikuwa nimeogopa kwamba akienda hatataka kurudi. Jioni ya siku ya pili ndiye aliyeniuliza, "Mama Mkubwa, njiwa nani anawapa maji?"

Mayai yale yalikuwa yameanguliwa zamani. Njiwa huatamia kama siku 18, na jambo lililowafurahisha watoto ni kwamba baba naye huatamia. Jike hulala na mayai usiku kucha, na dume humpokea asubuhi hadi alasiri. Watoto walizihesabu siku kwenye kalenda ya ukutani, wakiweka alama kila asubuhi. Mume wangu alitaniwa sana siku zile, na sikuhitaji kumhubiria lolote. Alianza mwenyewe kuwaogesha watoto nikiwa zamu ya usiku.

Nikikumbuka haya, huwaza jinsi Mariamu na Yusufu walivyopeleka hekaluni sadaka ya maskini baada ya mtoto kuzaliwa, ambayo kwa sheria ilikuwa jozi ya ndege wa jamii ya njiwa. Huwaza pia Zaburi ya 84, inayosema habari za shomoro aliyepata nyumba na mbayuwayu aliyepata kioto cha kuweka makinda yake. Mungu wetu hawadharau viumbe wadogo wanaotafuta mahali pa kukaa.

Furushi je? Sitawadanganya kwamba liliisha siku moja. Zipo jioni alizolifunga hata baada ya safari ile, hasa akiwa na homa au akigombana na dada yake. Sikumkataza. Lakini siku moja nilipotoka kazini asubuhi nilikuta nguo zake zimo sandukuni, zimekunjwa vibaya vibaya. Sikuzikunja upya. Yeye alikuwa bado amelala, amejifunika khanga ya mama yake.

Mama mwenzangu, ukiletewa mtoto aliyefiwa, usiwe na haraka ya kumfungulia wavu, wala usimfute alikotoka. Mpe kazi ya mikono afanye pamoja nawe, na alama yake iache kama alivyoiweka. Bwana awabariki.